Joaquín Murrieta: sheria ilimtunga kabla kitabu hakijamtunga

Juni 2025, Serikali ya Marekani ilipopeleka Walinzi wa Taifa mjini Los Angeles baada ya maandamano ya kupinga kamatakamata ya wahamiaji, bendera za Mexico zilipepea barabarani na mjadala wa siku nyingi ukafufuka: California ni ya nani, na nani ndani yake aitwe mgeni. Mjadala huo ukishapamba moto hauchelewi kufika kwa Joaquín Murrieta, Mmexico wa zama za mbio za dhahabu ambaye kichwa chake, au kinachodaiwa kuwa chake, kilitembezwa ndani ya chupa ya pombe mwaka 1853. Wapo wanaomwita Robin Hood wa California, aliyewalipizia kisasi wanyonge. Wengine humwita muuaji wa kawaida aliyepambwa na watunzi. Kundi la tatu huyacheka yote mawili na kusema hakuwahi kuwapo.

Makundi yote matatu yanagombania mtu, wakati kilicho mbele yetu kwanza ni karatasi. Murrieta tunayemjua alitungwa mara mbili. Mara ya kwanza alitungwa na Bunge la California, Mei 1853, kwa sheria iliyotaja majina bila kutaja nyuso. Mara ya pili alitungwa na mwandishi mmoja wa kabila la Cherokee, mwaka 1854, kwa riwaya. Watu huijadili riwaya hiyo usiku na mchana. Sheria, ambayo ndiyo iliyoua, hawaisomi. Nami nadai kwamba bila kuisoma sheria hiyo, na kodi iliyoitangulia, hakuna mwenye haki ya kusema lolote la maana kuhusu Murrieta, awe anamtukuza au anamlaani.

Tuanze na dhahabu yenyewe. Iligunduliwa na James Marshall kwenye kiwanda cha mbao cha Sutter, Coloma, tarehe 24 Januari 1848. Siku tisa baadaye, tarehe 2 Februari, Mexico ilitia saini Mkataba wa Guadalupe Hidalgo na kuiachia Marekani California pamoja na eneo kubwa la kaskazini, na waliotia saini hawakujua kilichookotwa mtoni. Miongoni mwa wageni wa mwanzo kufika machimboni walikuwa watu wa jimbo la Sonora, kaskazini magharibi mwa Mexico. Hawa hawakuja kujifunza. Kwao uchimbaji ulikuwa kazi ya mababu, na mji wa Sonora uliopo mpaka leo katika kaunti ya Tuolumne una jina la kwao kwa sababu wao ndio waliouanzisha.

Ujuzi huo ndio chanzo cha chuki, na wachambuzi wengi huupita haraka mno. Wamarekani wengi waliofika mwaka 1849 walikuwa wakulima, makarani na mabaharia. Walitegemea karai la bati au kisanduku cha kubembea: udongo unamwagwa juu ya chekeche, maji yanamiminwa, kisanduku kinatikiswa, mchanga unapita na dhahabu inanasa nyuma ya vipande vya mbao vilivyopigiliwa kukingama sakafuni. Ni chombo chepesi kuelezwa, lakini kina ukorofi wake. Ukitikisa polepole, mchanga unagandamana juu ya zile mbao na dhahabu inateleza juu yake. Ukimimina maji kwa nguvu, chembe ndogo zinaondoka nayo. Udongo wa mfinyanzi usipovunjwavunjwa kwanza, hujiviringisha mabonge yanayotoka na dhahabu tumboni. Juu ya hayo, kisanduku hakifanyi kazi bila maji, na machimbo ya kusini, yaani Calaveras, Tuolumne na Mariposa, wakati wa kiangazi vijito vyake vingi hukauka.

Msonora hakusubiri mvua. Alikuwa na batea, karai la mti lenye kitako kilichochongoka, analoweza kulizungusha kwa maji ya ndoo moja. Maji yakikosekana kabisa alianika udongo juani, akautwanga mpaka ukawa unga, kisha watu wawili wakaurusha juu kwa blanketi. Upepo ukachukua vumbi, dhahabu ikarudi chini kwa uzito wake. Udongo ukibaki na unyevu kidogo tu, kazi yote ni bure, kwa hiyo lilikuwa jambo la kujua saa na jua. Mwamba wa kwazi nao aliusaga kwenye shimo la duara lililosakafiwa mawe, nyumbu akikokota mawe mazito juu yake, na zebaki ikitiwa ili kuikamata dhahabu. Kwa hiyo miezi ambayo jirani yake alikuwa amekaa kivulini akilalamika, yeye alikuwa anapata.

Sasa weka juu ya hali hiyo mapato yanayoporomoka. Wanahistoria wa uchumi hukadiria kuwa mchimbaji wa kawaida alipata kama dola 20 kwa siku mwaka 1848, kama 10 mwaka 1850, na kama 5 tu ilipofika 1853. Dhahabu ya juujuu ilikuwa inakwisha huku watu wakiongezeka. Aprili 1850, miezi mitano kabla California haijakubaliwa rasmi kuwa jimbo, bunge lake lilipitisha kodi ya wachimbaji wa kigeni: dola 20 kila mwezi kwa leseni. Wakati wakia moja ya dhahabu iliuzwa machimboni kwa dola 16 hivi, kodi hiyo ilikuwa wakia moja na robo kabla mtu hajanunua unga. Kwenye karatasi, Wamexico waliokuwa wakazi wa California na kugeuka raia kwa mkataba wa 1848 walisamehewa. Machimboni hakuna aliyewauliza. Anayezungumza Kihispania alikuwa mgeni, na Mjerumani au Mwairishi aliyeshuka melini juzi mara nyingi aliachwa aendelee na kazi yake.

Maelfu walifungasha na kurudi Sonora. Kodi ilifutwa mwaka 1851, na huruma haikuwa na nafasi kubwa katika kufutwa huko: wafanyabiashara wa miji ya machimbo walipiga kelele kwamba wateja wametoweka. Mwaka 1852 ikarudishwa kwa dola 3, mwaka uliofuata ikawa 4, na safari hii mlipaji mkuu alikuwa Mchina. Waliobaki bila leseni na bila shimo walitafuta riziki kwingine. Wengine waliwinda farasi wa mwituni katika bonde la San Joaquin na kuwapeleka Sonora kuwauza. Wengine waliiba farasi waliokwisha kufugwa, na wengine walianza kupora. Mpaka kati ya kazi hizo ulikuwa mwembamba, na haya yalitokea katika nchi ambako umati uliweza kumnyonga mtu kwa kesi ya saa chache, kama ulivyomnyonga Josefa, mwanamke wa Kimexico, mjini Downieville tarehe 5 Julai 1851.

Januari hadi Machi 1853 kulitokea wimbi la uporaji na mauaji Calaveras na kaunti za jirani. Magazeti yalianza kumtaja kiongozi aitwaye Joaquín, bila ukoo. Baada ya wiki chache Joaquín alikuwa ameonekana karibu kila mahali, wakati mwingine sehemu mbili zilizo mbali sana kwa wakati mmoja. Wananchi walitaka hatua zichukuliwe, na bunge likaletewa pendekezo la zawadi ya dola 5,000 kwa kichwa chake. José María Covarrubias, mbunge wa Santa Barbara, alilipinga kwa hoja ambazo hadi leo hazijajibiwa. Kumwekea bei mtu ambaye hajasikilizwa wala kuhukumiwa, alisema, ni kumtia hatiani kwa kudhani. Na zawadi kubwa italeta vichwa vingi vinavyofanana. Zawadi hiyo ikakwama.

Kilichopita badala yake kilikuwa na sura ya heshima zaidi na kasoro zilezile. Sheria ya Mei 1853, iliyosainiwa na Gavana John Bigler, iliunda kikosi cha askari wasiozidi 20 chini ya Kapteni Harry Love kulisaka genge la “akina Joaquín watano”: Muriata (yaani Murrieta), Ocomorenia, Valenzuela, Botellier na Carrillo. Ni majina matano bila umri, kimo, kovu wala hati ya kukamata ya mahakama yoyote. Jina la Joaquín katika California ya wakati ule lilikuwa la kawaida kama Juma kwetu, na jaji mmoja wa wilaya wa jimbo hilohilo aliitwa Joaquín Carrillo. Kwa maandishi yalivyo, sheria ilimtaka Kapteni Love awatafute watu ambao mmojawao alikuwa na jina la mtu aliyekuwa akivaa joho mahakamani.

Fanya hesabu ya malipo uone msukumo uliokuwa ndani yake. Kila askari alilipwa dola 150 kwa mwezi, akijigharimia farasi, silaha na chakula. Muda ulikuwa miezi mitatu. Askari 20 kwa miezi mitatu ni dola 9,000 kwa jimbo zima, lakini mtu mmoja akishatoa gharama zake hakubaki na kingi kuliko mchimbaji mwenye bahati. Faida ilikuwa kwenye zawadi, na gavana aliahidi dola 1,000. Kikosi kiliapishwa mwishoni mwa Mei. Kwa hiyo kufikia mwishoni mwa Julai theluthi mbili za muda zilikuwa zimekwisha na hakuna Joaquín hata mmoja mkononi. Mwenye kuajiri askari kwa masharti ya namna hiyo, bila maelezo ya sura ya mtu anayetakiwa, ananunua maiti yoyote itakayopatikana kwa wakati. Sisemi Love alikuwa mwongo. Nasema sheria haikumwekea njia yoyote ya kugundua kuwa amekosea.

Alfajiri ya tarehe 25 Julai kikosi kilikutana na kundi la Wamexico karibu na Arroyo de Cantúa, kijito cha magharibi mwa bonde la San Joaquin, mahali penye maji na malisho ambapo wafukuza farasi walizoea kupiga kambi. Risasi zikalia, na baadhi ya Wamexico wakauawa. Mmoja alitangazwa kuwa Murrieta, mwingine kuwa Manuel García aliyejulikana kama Jack wa Vidole Vitatu. Mwanakikosi William Byrnes, aliyedai kumjua Murrieta zamani, ndiye aliyeitambua maiti. Vichwa viwili vilikatwa pamoja na mkono wa García, vikapelekwa kwenye ngome ya jeshi ya Fort Miller kwa kuvuka bonde zima katika joto la Julai. Cha García kilikuwa kimepasuliwa na risasi, kikaoza, kikatupwa. Kilichobaki kilihifadhiwa kwenye pombe kali, na tarehe 12 Agosti kikaonyeshwa Stockton. San Francisco kilifuata, kiingilio dola moja.

Watetezi wa Love huegemea hapa: watu 17, akiwamo padri, walitoa hati za kiapo kuwa kichwa ni cha Murrieta. Hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, na bado ndiyo inayorudiwa sana. Hati hizo zilichukuliwa na wanaotaka kulipwa, mbele ya kichwa kilichokaa kwenye pombe zaidi ya wiki mbili, kutoka kwa watu waliokwisha kuambiwa wanamtazama nani. Ngozi iliyokaa kwenye spiriti hupoteza rangi na kusinyaa. Hata ndugu huhitaji alama ya mwilini, na mwili haukuletwa. Hakuna uchunguzi wa mahakama uliofanyika. Askari walikuwa na mateka wawili ambao wangeweza kuhojiwa: mmoja alizama majini njiani, na wa pili, José María Ochoa, aliuawa na umati akiwa chini ya ulinzi wa serikali. Mashahidi pekee waliokuwa upande wa pili wa bunduki wakawa wamekwisha.

Gazeti la Alta California la San Francisco halikungoja historia. Mnamo Agosti hiyohiyo liliandika kuwa jambo lote ni kiini macho, na likatoa simulizi tofauti: kundi la watu wa California na Sonora lilikwenda bondeni kukimbiza farasi wa mwituni, likashambuliwa na Wamarekani, na aliyekatwa kichwa ni Joaquín Valenzuela. Simulizi hiyo nayo ina tobo lake, kwa sababu mwaka 1858 mtu aliyetajwa kwa jina hilohilo la Joaquín Valenzuela alinyongwa na kamati ya raia huko San Luis Obispo. Ama gazeti lilikosea, ama kulikuwa na akina Valenzuela wawili, ama waliomnyonga walimpachika jina. Orodha ya majina matupu huzaa utata wa namna hii. Mei 1854 bunge likafunga hesabu kwa kumwongezea Love na watu wake dola 5,000, kiasi kilekile alichokipinga Covarrubias.

Upande wa serikali unayo hoja moja yenye uzito, na si haki kuifunika. Watu waliuawa kweli majira yale ya baridi. Jimbo halikuwa na polisi, masherifu wa kaunti hawakuwa na nguvu nje ya mipaka yao, na genge lenye farasi wazuri lilivuka kaunti tatu kwa usiku mmoja. Kikosi kinachovuka mipaka kilihitajika. Nakubali. Ila hitaji la kikosi halielezi kwa nini sheria ilichagua majina ya Kihispania badala ya makosa, tarehe na mahali. Ingeweza kuandikwa kwamba wasakwe waliofanya mauaji fulani, mahali fulani, wakamatwe na kufikishwa mbele ya jaji. Maneno hayo yalikuwa ndani ya uwezo wa wanasheria wa 1853.

Wanaosema hakuwahi kuwapo nao wana nusu ya ukweli. Ni kweli kuwa sehemu kubwa ya maisha yake tunayosimuliwa, tangu mke aliyebakwa, kaka aliyenyongwa kwa kusingiziwa wizi, viboko mtini, hadi kiapo cha kisasi, imetoka kwenye riwaya ya John Rollin Ridge ya 1854. Lakini majina ya Joaquín yalikuwa magazetini na katika sheria ya jimbo mwaka mmoja kabla ya riwaya hiyo. Ridge alikuta jina limekwisha kutiwa saini na gavana, akalipa uhai. Wanahistoria wakubwa wa California wa karne ya 19, Bancroft na Hittell, wakachota kwake kana kwamba ni chanzo cha habari, na kuanzia hapo riwaya ikawa historia ya shuleni.

Ridge anastahili kutazamwa vizuri zaidi ya anavyotazamwa na wanaompenda. Alizaliwa 1827 katika nchi ya Wacherokee huko Georgia, akiwa mjukuu wa Major Ridge na mwana wa John Ridge, viongozi waliotia saini Mkataba wa New Echota wa 1835 ulioikabidhi Marekani ardhi ya taifa lao. Juni 1839 wapinzani wa mkataba walimtoa baba yake nyumbani na kumchoma visu mbele ya familia. Mtoto alikuwa na miaka 12. Mwaka 1849 Ridge mwenyewe alimuua mtu katika ugomvi uliotokana na mgawanyiko huo, akakimbia, na 1850 akafika machimboni. Mtu mwenye kisasi kifuani aliandika kitabu cha kisasi, na hapo hakuna fumbo. Fumbo ni kwamba mtu huyohuyo alitoka kwenye familia iliyomiliki watumwa, akaja kuwa mhariri wa magazeti yaliyompinga Lincoln, na katika kitabu chake Wachina huchinjwa kwa sauti inayokaribia mzaha. Kilio chake kwa Wamexico hakikuwa kilio kwa kila aliyeonewa.

Faida ya kitabu ilikwenda kwa wengine. Mwaka 1859 gazeti moja la San Francisco lililoandika habari za uhalifu lilichapa toleo la wizi, na toleo hilo ndilo lililosafiri Ulaya kisha likashuka Chile, ambako Msonora aligeuzwa kuwa Mchile kwa kalamu tu. Ndiyo maana hadi leo Wachile na Wamexico hubishania kaburi ambalo halipo. Kichwa chenyewe kinasemekana kiliteketea San Francisco katika tetemeko na moto wa Aprili 1906, kikiwa ndani ya jumba la maonyesho ya viungo vya binadamu.

Turudi kwa hoja ya Robin Hood: inakwama kwa walioporwa. Sehemu kubwa ya walioporwa na kuuawa mwanzoni mwa 1853 walikuwa wachimbaji wa Kichina, na sababu yake haina ushujaa wowote. Mchina alifanya kazi kwenye mashimo yaliyotelekezwa, mbali na miji. Alitunza dhahabu yake kambini. Hakuwa na bunduki nyingi. Na mwaka 1854 Mahakama Kuu ya California ikaamua katika kesi ya George Hall kwamba ushahidi wa Mchina dhidi ya mzungu haupokelewi. Alikuwa windo rahisi kwa kila mtu, jambazi na mtoza kodi pia. Genge lililokuwepo, kama lilikuwa la Murrieta au la, lilipora alipoweza kuporwa mtu.

Kwa hiyo anayemnyanyua Murrieta leo barabarani Los Angeles ana hoja nzuri mkononi lakini ameshika mpini usio wake. Hoja iko kwenye leseni ya dola 20, kwenye orodha ya majina matano na kwenye dola 5,000 zilizolipwa bila jaji kuuliza swali. Hizo zinaonyesha namna serikali inavyoweza kumgeuza mkazi kuwa mgeni, mgeni kuwa mshukiwa na mshukiwa kuwa maiti, kila hatua ikiwa na stakabadhi yake, na zinasimama imara hata kama mtu aliyeuawa Cantúa alikuwa mwizi wa farasi. Anayetaka zaidi ya hapo, anayetaka bendera ya wahamiaji wote, aanze kwanza kueleza Wachina wa Calaveras waingie wapi ndani yake, kwa maana wao walilipa kodi ileile ya wageni na wakaporwa na wageni wenzao.